Msusi wa Nzuguni anayewauliza watoto ndoto zao

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili, jua la Julai limeshapanda juu ya mabati ya Nzuguni, Dodoma, lakini baridi bado haijakubali kuondoka. Upepo unasukuma vumbi jembamba chini ya mlango wa saluni yenye viti vitatu. Kwenye kiti cha dirishani, Mwanaidi Khamisi anagawa nywele za mtoto wa miaka saba mafungu madogo madogo. Analowesha fungu moja kwa kondishena, anapitisha kitana cha chuma kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, anakifuta kwenye kitambaa cheupe. Anatazama kitambaa. Anarudia.

"Umeota nini usiku?" anamuuliza mtoto.

Mtoto huyo, Anjelina, anafikiri kwanza. "Nimeota mbuzi anaendesha bajaji."

"Njia anaijua?"

"Haijui. Anakula viti."

Mwanaidi hacheki. Anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi, kisha anaendelea kuchana.

Wanaotafutwa hapa ni chawa. Si wale wa mjini wanaoishi kwa kuwasifia wakubwa, bali wale wa asili, wenye miguu sita, ambao wengi wetu tunadhani waliisha zamani na tunaona aibu kuwataja wakiwa vichwani mwa watoto wetu.

Mwanaidi ana miaka arobaini na sita. Ni Mrangi, mzaliwa wa milima ya Kondoa, na usukaji alifundishwa na mama zake wadogo uani kwao. Wateja humwita Mama Kudra, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa kumsuka mtoto mabutu hulipwa shilingi elfu tano, na kwa kuchana chawa hutoza hizo hizo, ingawa kichwa kimoja humla siku nzima. Ukimuuliza faida iko wapi, anatazama nje.

"Kuna kazi za kula na kuna kazi za kulala," anasema. "Hii ni ya kulala. Nikiimaliza, usiku nalala."

Asubuhi hii Anjelina aliletwa na mama yake, Penina, anayefanya usafi katika ofisi moja mjini. Penina aliingia na mtoto mkono mmoja, chupa ya dawa mkono mwingine.

"Shikamoo, dada. Naomba umpake tena hii, halafu umstimu kidogo ili iingie."

Kustimu, kwa wasioingia saluni, ni kumpaka mtu mafuta kichwani, kumvika kofia ya nailoni na kumkalisha chini ya mashine ya mvuke. Joto hufungua nywele na mafuta yakazama. Wanawake hupenda, wengine hukoroma kabisa. Ndiyo maana Penina hakuona ubaya: kama mafuta huingia kwa mvuke, dawa itashindwaje?

"Marahaba, mdogo wangu. Ulimpaka lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi hii iliyopita?"

"Hii hii. Lakini mayai bado nayaona. Na si dawa ya barabarani, dada, nimeandikiwa na daktari. Ya daktari ikizidi kidogo itadhuru nini?"

Haraka yake ilikuwa na sababu. Shule ya Anjelina, huko Ipagala, inafunguliwa kesho, na mwalimu ameshasema kila kichwa chenye chawa kitanyolewa getini. Mwaka jana Anjelina alinyolewa kwa ajili ya mapunye, na darasa zima likamwita Balbu mpaka nywele zilipoota. Ameapa kwamba akinyolewa tena hatakwenda shule. Ana miaka saba, lakini mama yake anamwamini.

Mwanaidi aliishika chupa, akaiweka juu ya kabati, mbali na jiko la mkaa na mbali na draya ya kukaushia nywele. "Hii leo sipaki," alisema. "Ipeleke kwa Khalidi akusomee, mimi nimwanzie mtoto kitana."

Khalidi Abubakari ni mfamasia wa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Ni kijana mpole, anayesema polepole kana kwamba kila neno lina kipimo chake. Alimsomea Penina karatasi yote iliyokuwa ndani ya boksi, ambayo Penina hakuwahi kuikunjua.

"Dawa kama hii inaua chawa kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu," alimweleza mwandishi baadaye. "Mtoto naye ana mishipa ya fahamu. Kinachomlinda ni kipimo, ni muda, na ni ngozi ya kichwa isiyo na vidonda. Sasa wewe umefunika nailoni, umeweka mvuke. Ngozi inalegea, dawa inaingia ndani kuliko ilivyokusudiwa. Na hii ina spiriti. Ikutane na draya au mkaa, kichwa kinashika moto."

Ngozi kuwasha kidogo au kuwa nyekundu baada ya kupaka, anasema, hutokea kwa wengi, na ikiingia machoni osha kwa maji mengi. "Lakini mtoto akitapika, akitoka mate na jasho jingi, akipumua kwa shida au akawa mzito kuamka, usingoje. Hospitali, na chupa uende nayo." Kuhusu mayai aliyoyaona Penina, mengi huwa ni maganda matupu yaliyong'ang'ania nywele. Dawa hii hairudiwi kabla ya wiki moja kupita, na hurudiwa tu kama chawa hai bado wapo. Na si ya kugawana: aliyeandikiwa ni Anjelina, si mdogo wake anyonyaye.

Penina alirudi saluni, akakaa kwenye benchi. "Ningemuua mwanangu nikidhani namsafisha," alisema.

"Hujamuua," Mwanaidi alimjibu. "Yuko hapa, ananihadithia mbuzi."

Mchezo wa ndoto haukuanza kwa kuchekesha watoto. Miaka mitano iliyopita mdogo wake Mwanaidi, Salma, aliandikiwa dawa ya chawa kwa ajili ya binti yake, Khairat. Salma alikuwa amewahi kufanya kazi saluni. Alipaka, akafunga nailoni, akazungushia taulo la moto, akarudia kulichovya lilipopoa. Mwanaidi alikuwa amekwenda kwao Kondoa kusalimia. Alipoingia chumbani alimkuta mtoto amelala, uso umetulia, jasho linang'aa kwenye paji.

"Nikamwambia Salma, mwache, mtoto akilala anakua," anasimulia, na kitana kinasimama hewani. "Alipendeza. Yaani nilimtazama nikafurahi. Tulipokuja kuona mate yanamtoka ndipo tukamwita. Hakuitika."

Khairat alikaa hospitali siku kadhaa, akapona. Sasa ana miaka kumi na miwili, anasoma vizuri, anacheza mdako kuwashinda wenzake. Lakini hajamruhusu mtu yeyote amguse kichwa tangu siku ile. Hujinyoa mwenyewe, kwa wembe, mbele ya kioo.

Tangu hapo, mtoto akisinzia kwenye kiti cha Mwanaidi, humwamsha kwa swali. Mwenye kukumbuka ndoto, anaamini, akili yake iko mahali pake. Khalidi anasema hicho si kipimo cha hospitali, ila hakuna ubaya wa mtu mzima kuzungumza na mtoto.

Adhuhuri inapita. Anjelina amekula wali na maharage, jua limeingia dirishani na kumkalia mapajani, na kitana kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Mwandishi, aliyekuja kuuliza maswali, ameshasinzia mara mbili. Honi ya treni inasikika kutoka upande wa Ihumwa, ndefu, inafifia kidogo kidogo.

Kichwa cha Anjelina kinaanguka kifuani.

"Anjelina."

Kichwa hakiinuki.

"Anjelina, umeota nini?"

Mtoto hajibu. Mwanaidi anaweka kitana chini. Anagusa shingo yake, ni kavu. Anampangusa midomo kwa kidole, mikavu pia. Penina amesimama, mkono mdomoni, na anayaona machoni mwa msusi yote aliyosimuliwa. Mwanaidi anainama, sikio karibu na pua ya mtoto, na anabaki hapo muda ambao hakuna aliyeupima.

"Treni," Anjelina anasema bila kufumbua macho.

"Treni gani, mama?"

"Inapita kichwani kwangu. Abiria wanashuka."

"Wote wameshuka?"

"Bado wawili. Wamelala."

Penina anacheka huku machozi yanamtoka. Mwanaidi anakaa chini kwenye sakafu, na kwa mara ya kwanza leo anacheka naye, kwa sauti, mpaka Anjelina anaamka na kuuliza wanamcheka nani.

Jua linapoelekea magharibi, kitambaa kinatoka cheupe mara tatu mfululizo, na Mwanaidi anamsuka Anjelina mabutu. Kazi haijaisha: Penina atamleta kila baada ya siku chache achanwe tena, kwa wiki mbili, maana yai lililojificha huanguliwa. Wakionekana chawa hai, dawa ipo, itapakwa siku yake ikifika na kwa muda wake. Kesho yake Penina anapiga simu. Mwalimu amempekua Anjelina kichwani kwa vidole, amesema ingia. Mabutu yote yamepita getini.

Mwanaidi anapanga kutenganisha kona ya saluni kwa pazia, aweke godoro dogo, watoto wachanwe wakiwa wamejilaza, mbali na mvuke na macho ya watu. Amemwomba Khalidi aje siku moja awaelezee wasusi wenzake kuhusu dawa na kustimu, naye amekubali.

Na Khairat? Likizo ya Desemba atakuja Dodoma kwa mamkubwa wake.

"Simwambii aje asukwe," anasema Mwanaidi, akisuuza kitana kwa maji ya moto. "Namwambia aje tu, tule zabibu, atembee. Akitaka kubaki na upara wake, abaki nao. Lakini siku akiniletea kichwa chake mwenyewe, nitakipokea kwa mikono miwili."