Mkia Usioonekana

Miaka ile ya soko huria, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa redio na sabuni za kila aina, mimi nilikuwa nimeajiriwa karibuni katika maabara ya hospitali. Mama aliletwa kutoka kijijini kwetu Busi akiwa hoi kwa homa ya matumbo. Alipopona nikamwambia ugonjwa wake ulitokana na vijidudu vinavyoogelea majini.

"Vinaogeleaje? Vina miguu?"

Nikampeleka maabara.

Umeme ulikuwa umekatika, nikageuza kioo cha hadubini kielekee dirishani, jua likatumulikia tone la maji ya dimbwi. Mama akafumba jicho moja, akainama. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Vinakwenda! Hiki kimesimama, kimejigeuza, kimeondoka tena!"

Mkufunzi wetu, dada aliyekuwa ametoka masomoni, akasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hivi vinaendeshwa na nini?"

Akavuta kigoda, akamweleza taratibu. Bakteria hao wana mkia mwembamba mno, hadubini yetu haiuoni. Kwenye shina la mkia pana duara la protini. Kandokando yake kuna protini nyingine, zimejishikiza kwenye ukuta wa bakteria zisisogee. Chembe za hidrojeni zikipenya humo kutoka nje, protini hizo hubadilika umbo kidogo tu, na katika kubadilika huko hulisukuma duara. Duara huzunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde, mkia nao ukazunguka. Ikija protini nyingine ndogo ikalishika duara, sehemu zake zote hujipinda kwa pamoja, likageuka kuzunguka kinyume.

"Ndipo kinapojigeuza, kama ulivyoona."

"Na nani anayelizungusha?"

"Hakuna mtu, mama. Zinasukumana zenyewe."

"Subhanallah. Ndani ya tone!"

Mimi niliyezoea kuviona kila siku, mwili ulinisisimka. Sote watatu tukapokezana hadubini mpaka tone likakauka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Mama akarudi Busi. Akawa hanywi maji yasiyochemshwa, na jirani akimtania humjibu, "Wewe cheka tu. Mimi nimeviona vikigeuka."