Vidonge vya Jumapili

Watu wa mtaa wetu wa Shituru walisema mtoto wa muuza makaa hataweza hata kusoma jina la dawa. Leo nina diploma ya uuguzi ya Lubumbashi, niliyojilipia kwa kubeba mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, nami nimerudi mtaa uleule kuwatibu wazee wao. Lakini nikisikia harufu ya kafuri imechanganyika na moshi wa kiwanda, diploma hainisaidii kitu. Narudi kwenye kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi, nikilala chumba kimoja na bibi yangu, tuliyemwita Kambo.

Nyonga, aliyoipaka kafuri kila usiku, ilikuwa imemtesa miaka mingi. Siku moja aliombewa kanisani, akasimama na kushuhudia kwamba Mungu amemponya. Watu wakalia, wakapiga makofi. Wiki ya pili maumivu yakarudi. Zahanati ikampa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Kambo alivifunga vyote kwenye pindo la kitenge, akingoja Jumapili. Jumatatu hadi Jumamosi alitambaa kwenda chooni alfajiri, wengine wakiwa wamelala, huku akiuma kitambaa. Jumapili alivimeza vya wiki nzima kwa mkupuo, tumbo tupu kwa sababu ya kufunga, kisha akatembea wima na kucheza kuliko wasichana. Majirani walimtania kwamba bado kidogo ataposwa.

"Usiambie mama yako," alinionya. "Miye niliisha kupona mbele ya bantu. Unataka banicheke?"

Mama aliponiuliza kama Kambo anameza dawa kila siku, nilijibu ndiyo, nikijiona mkubwa kwa kutunza siri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumapili ya nne, tukitoka kanisani, Kambo alitapika damu nyeusi njiani. Jumanne akafa. Makaburini walimshukuru Mungu kwamba bibi huyu amekwenda akiwa mzima wa nyonga. Nami nikaitikia amina.

Sasa mimi ndiye ninayewafundisha wazee kwamba maumivu hutulizwa kwa saa, kidogo kidogo, chakula kikiwa tumboni, na mjini hapa hakuna anayenizidi kwa kazi hiyo. Nasimama mpaka wameze. Juzi nilimuuliza mama yangu, ambaye amefikia umri wa Kambo, kama anaumwa mahali. Akacheka, akasema hana kitu. Nikamwomba asimame. Akashika nyonga bila kuinuka, kisha akasema, "Uniletee kwanza mayi ya kunywa, mwanangu."