Kuku wa Kuwahiwa

Dada yangu kazi yake ilikuwa kupuliza kuku matakoni. Samahani kama uko mezani, lakini sijui namna nyingine ya kulisema. Mteja akichagua kuku, dada alimshika miguu, akamgeuza, akasogeza mdomo kwenye manyoya ya nyuma na kupuliza mpaka ngozi ionekane. Ngozi ya njano, huyo mnono. Ngozi kavu yenye wekundu, mrudishe tengani. Kizimba chetu cha kuku pale sokoni kiliuza kwa pumzi yake miaka kumi na tisa. Wateja walimwita Mama Manyoya, na akishapuliza yeye hakuna aliyeuliza swali.

Kuku akishachinjwa, dada alimtumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, akamnyonyoa, kisha akanirushia mimi nimtoe utumbo. Mimi ni mdogo wake, na kazi ile ndiye aliyenitafutia. Alikuwa na ulimi, dada huyo. Mteja akilalamika kuku mdogo, alimwambia, "Mlishe basi, umle mwakani." Nami nikijikata nikaficha kidole, ananiumbua mbele ya watu: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lete hapa." Kisha anakiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, taratibu.

Jumatatu moja yakashushwa matenga mapya. Kuku walikuwa wamejikunyata, macho yamefumba, vichwa vimevimba, upanga wa kichwani umegeuka rangi ya zambarau. Kamasi ziliwatoka puani. Wawili walikwisha kufa na wenzao wamewakalia. Mwenye kizimba, tuliyemwita Tajiri, aliwatazama kama mtu anayetazama nyanya zilizobonyea.

"Wawahini," akasema. "Na vichwa vitupwe mapema."

Kuwahi, kwetu, ni kumtia kuku kisu kabla hajafa mwenyewe. Ukimwahi ni nyama, ukichelewa ni mzoga, na kati ya hayo mawili hapatoshi hata kupiga chafya. Nilipompasua wa kwanza, damu ilikuwa imevilia ndani, ini limelegea likanipasukia vidoleni. Harufu yake sijaisahau, na sabuni zote nimejaribu. Nilikwenda nyuma ya kizimba nikatapika, nikanawa, nikarudi kazini. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko lile ini: nilirudi.

Na wala si kwamba hatukuambiwa. Bwana mifugo alikuwa amepita na kipaza sauti chake, akatueleza habari za mafua ya ndege. Kuku wakifa ovyo, msiwaguse, toeni taarifa. Ugonjwa huu ni wa ndege, alisema, kumshika mtu ni kwa nadra. Lakini kila ukimshika mtu unapata nafasi ya kujifunza, na siku ukijifunza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hautakuwa tena wa kuku wala wa soko hili. Tajiri akamchekea, akampa kiti na soda. Alipoondoka akatugeukia sisi.

"Atakayefungua mdomo, soko litafungwa. Halafu aje aniambie watoto wake wanakula nini."

Kwa hiyo waliolala tuliwawahi, na waliobaki wamesimama wakawekwa mbele, wauzwe wazima. Akaja mama mmoja, mteja wetu wa zamani, akataka apuliziwe. Nilimwona dada akisita. Tajiri akakohoa kidogo. Dada akamgeuza yule kuku, akasogeza mdomo, akapuliza.

"Mnono," akasema, na hakunitazama.

Siku ya tano akapata homa. Siku ya nane alikuwa anahema kwa mabega, nikamshika mkono kwenda zahanati. Mjukuu wake, binti wa miaka miwili anayelala naye kitanda kimoja, nilimbeba mgongoni maana hatukuwa na wa kumwachia.

Daktari alikuwa msichana mpole. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nipo nyumbani tu, mwanangu," dada akajibu.

Nikamgeukia. Unyoya mmoja ulikuwa bado umenasa kwenye kitambaa chake cha kichwani.

"Hujashika kuku siku hizi?"

"Kuku nakutana naye kwenye sahani."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Tajiri hakuwemo chumbani, lakini ndiye aliyekuwa akisema kwa mdomo wa dada yangu, mdomo uleule aliokwisha kuuchafua na kuku wake.

"Dada," nikamwambia, "mficha maradhi."

Akafumba macho. Hakumalizia.

"Ananyonyoa kuku sokoni," nikamwambia daktari. "Anawapuliza. Mimi nawapasua. Wanakufa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita na tumewauza wote."

Daktari akavaa barakoa, akatugawia na sisi, akafungua dirisha, akapiga simu mbili. Dada akaninong'oneza kwamba nimewafungia watu soko. Nikamwambia acha lifungwe. Kisha daktari akavuta karatasi aandike majina ya wote tuliokula nao na kukaa nao, na alikuwa amefika jina la nne mtoto alipokohoa mgongoni kwangu. Kikohozi kidogo, kikavu. Asubuhi nilikuwa nimekisikia, nikadhani ni vumbi.

Kalamu ikasimama. "Huyu naye huenda sokoni?"

"Hajawahi kufika," nikasema.

"Nyumbani mnafuga? Mlileta nyama ya hao kuku?"

"Hatufugi. Na wale hatukuthubutu kuwala."

"Analala na nani?"

Dada alifumbua macho. Akanyoosha mkono ampapase mtoto mgongo, kama afanyavyo kila akikohoa, halafu akaurudisha kabla haujafika, akauficha kwapani.

"Na mimi," akasema.