Kuruka kama Chura Mbele ya Baba Mkwe

(Jina la mwandishi na la shule tumeyaficha kwa ombi lake.)

Mimi ni mwalimu wa miaka ishirini na sita, nimeolewa Manga. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Siku za kazi nalala upande wa Nyaramba ninakofundisha, kwa hiyo binti yetu wa miaka saba, nitakayemwita Kerubo, analelewa na mama mkwe wangu. Ninaandika kwa sababu sina wa kumwambia. Walimu wenzangu wangecheka, na majirani wa Manga huniona msomi anayejidai.

Kerubo hasemi mbele ya watu. Jikoni huongea mpaka bibi yake humwomba apumzike, lakini shuleni hunyamaza. Muhula uliopita, siku ya wazazi, darasa lao lilipewa mchezo wa chura: kila mtoto anakuja mbele peke yake, anasema mstari wake, anaruka mara tatu, anarudi. Zamu yake ilipofika alisimama akitazama vidole vya miguu yake. Mwalimu wake alimhimiza, wapi. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Si huyo ndiye wa mwalimu? Labda mama yake amemaliza maneno yote ya nyumba hiyo." Watu wakacheka. Baba mkwe wangu, mzee wa kamati ya shule, alikuwa kwenye kiti cha mbele. Aliinamisha kichwa akaitazama kofia yake.

Njiani kurudi nilimfinya mtoto mkono. Si mara moja. Hakulia, na niliendelea kwa sababu hakulia. Sijawahi kulitamka jambo hilo mpaka leo.

Mama mkwe aliziona alama. Akasema polepole, "Mama Kerubo, mimi nimemfundisha asiwakodolee macho wanaume wazee. Nyinyi mnataka awarukie. Ashike lipi?"

Mwalimu wa Kerubo naye amesema asipotoa sauti katika mchezo uleule siku ya kufunga shule, atarudia Darasa la Kwanza, eti hajakomaa.

Basi kila Jumapili tunafanya mazoezi jikoni. Hapo anaruka mpaka kuku wanakimbia. Jumapili iliyopita nilimwuliza anaogopa nini.

"Babu anakaa mbele," akasema.

Nikamwambia babu yake anampenda, hakuna ubaya kuruka mbele yake.

"Basi ruka wewe kwanza, mama. Babu akiwa amekaa pale. Halafu mimi."

"Mimi sipaswi."

"Hata mimi sipaswi."

Msiotoka kwetu mtaona ni jambo dogo. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima inayomtenga mke na baba mkwe wake. Kwa miaka minane sijampa mzee huyo mkono, sijala naye, na nikimwona njiani naingia kando kwenye majani ya chai mpaka apite. Nimesoma hadi chuo cha ualimu, nasimama mbele ya watoto kila siku, lakini nikiwaza kuchuchumaa na kuruka machoni pake mwili wote unakufa ganzi. Nadhani hivyo ndivyo Kerubo alivyosikia siku ile, na mimi nilimwadhibu.

Nilimwandikia mume wangu kurasa nne. Alijibu mistari miwili: "Usiniaibishe kwa baba. Mtoto atazoea."

Mwalimu wa Kerubo amekubali niende mbele na mtoto, niruke kwanza, nikitaka. Nikifanya hivyo, ukoo utasema nimemvua mzee heshima yake, na naweza kurudishwa kwetu nikajieleze kwa wazazi wangu. Mama mkwe, mtu pekee anayeongea nami pale nyumbani, huenda akaacha. Nisipofanya, mtoto wangu atatazama wenzake wakienda Darasa la Pili, akijua kwamba mama yake alimtaka afanye lile ambalo yeye mwenyewe hathubutu.

Shule itafungwa baada ya wiki tatu. Kerubo hajaniomba tena. Nyinyi msionijua, nishaurini: niruke, au nimwache abaki nyuma?