Nyekundu Iliyovuka Mpaka

Kazi yangu ni kuzuia rangi zisivuke mpaka. Katika kituo kidogo cha televisheni huku Kisauni, nakaa mbele ya mashine ya vipimo inayochora kila picha kwa mistari ya mwanga. Rangi ikikolea kupita kiasi kinachokubaliwa, mstari unatoka nje ya mpaka na taa inawaka. Picha ya namna hiyo mitambo ya kurushia matangazo huikataa, kwa hiyo ni lazima niipoze kwanza. Wenzangu huniona mkorofi. Sikanushi, picha mbaya haikuwahi kupita mikononi mwangu, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Siku aliyopotea, Baba alikuwa amevaa kikoi chekundu. Alikwishaanza kusahau: kwanza majina yetu, kisha choo kiko wapi, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini hapo Magogoni. Alitoka kwenda kuswali alfajiri, hakurudi. Tulimtafuta hadi jua likawa kali.

"Si wewe wafanya kazi kwenye televisheni, mwanangu?" Mama akaniambia. "Basi mtoe babako, watu wamwone."

Nilikuwa na video ya simu niliyoipiga sikukuu ya Idi, Baba amekaa barazani na kikoi hicho hicho. Niliifikisha kituoni dakika chache kabla ya taarifa ya saa saba mchana. Nilipoipitisha kwenye mashine, taa ikawaka. Njia ya haki ni kuipunguza ile nyekundu peke yake na kuziacha rangi nyingine zilivyo, lakini hiyo inataka muda. Nikashika njia ya mkato, nikaififisha picha nzima mpaka taa ikazimika. Kikoi kikawa rangi ya udongo. Nilikiona. Nikajiambia la muhimu ni uso.

Msomaji wa habari, dada mmoja mpole, aliniuliza kama ataje na nguo alizovaa mzee.

"Soma jina na umri tu," nikamjibu kwa ukali. "Nguo si zaonekana?"

Hakuna aliyepiga simu. Siku ya tatu tulimkuta chumba cha maiti. Alikuwa ameokotwa nyuma ya soko la Kongowea, na daktari alisema ni kiu na jua.

Baada ya mazishi nilikwenda sokoni kuuliza. Hamali mmoja wa mkokoteni, mtu wa bara, alikumbuka kumwona siku mbili mfululizo, amekaa kando ya malori ya vitunguu. Tena alikuwa ameliona tangazo letu kwenye kibanda cha chai.

"Nilisema huyu anafanana na yule," akaniambia. "Lakini wa TV alikuwa na kikoi ya rangi ya matope, na huyu yake ilikuwa nyekundu kabisa. Nikajua ni mzee mwingine. Pole sana, ndugu yangu."

Nilimshukuru. Sikuthubutu kumwambia nafanya kazi gani.

Mama bado huwaambia wanaokuja kutoa pole kwamba nilifanya kila niliwezalo, hata nikamtoa Baba kwenye televisheni. Mimi huinamisha kichwa kwa aibu, na wao hudhani ni majonzi. Kikoi tulichorudishiwa, Mama amekifua akakianika uani, na hataki kiondolewe kwenye kamba. Kila nikitoka kazini nakikuta pale. Kimepigwa na jua wiki nyingi sasa, na bado ni chekundu.