Niliona haya kumwomba mama mkwe maji, kumbe taa nyekundu inawaka chini ya tepu

Wakuu, heshima kwenu, mlio barabarani na mlio kitandani. Hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa, na aibu yake ni yangu.

Nina kagari kadogo ka Kijapani. Hakana mshale wa joto, kana taa mbili tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka.

Sasa taa ya check engine, ile ya njano, ilikuwa inawaka miezi kadhaa. Gari linatembea vizuri tu, mimi naona kero. Fundi mmoja Masasi, jina namhifadhia, akakata kipande cha tepu nyeusi akaifunika.

"Haikusumbui tena hiyo."

Nikacheka na kumshukuru. Niiteni mjinga, ruksa.

Tepu ilikuwa pana. Ilifunika na taa ya jirani yake, na hakuna kati yetu aliyeliona hilo.

Mama mkwe wangu anakaa Kitangari. Jicho moja halioni kabisa, la pili lina mtoto wa jicho, anatembea kwa kupapasa ukuta. Alipangiwa upasuaji hospitali ya Ndanda, tukaambiwa afike kabla ya saa nne asubuhi, akichelewa anapangiwa upya. Alishakosa mara moja kwa sababu ya usafiri. Safari hii nikamwahidi nitampeleka mimi.

Nikalala kwake. Asubuhi nafungua boneti, kopo la maji ya rejeta karibu tupu.

Waliokaa huku juu mlimani wananielewa. Maji yanafuatwa mbali, na mle ndani kulikuwa na ndoo mbili za siku nzima. Yaani mkwe mzima nisimame mlangoni niombe maji ya kumimina kwenye gari? Nikafunga boneti.

"Baba Salma, gari zima?"

"Zima kabisa, Mama."

Tukapita Newala, tukateremka. Karibu na Chiungutwa gari likawa zito, AC inatoa joto. Mara Mama akasema kutoka kiti cha nyuma:

"Kuna kitu kinaungua."

"Watakuwa wachoma mkaa, Mama."

"Mkaa naujua. Huo ni mpira."

Nikaweka pembeni, nikabandua tepu kwa ukucha. Jamani! Taa nyekundu ya joto inawaka, sijui tangu lini. Nikazima injini.

Nilitaka kufungua mfuniko wa rejeta palepale. Bahati nikakumbuka jamaa aliyebabuka uso kwa mvuke. Msifungue ya moto, wakuu. Tulisubiri zaidi ya nusu saa, na mimi naangalia saa tu.

Hapo nikamweleza Mama ukweli wote, na maji niliyoona haya kuyaomba.

Akapapasa miguuni, akatoa kidumu chake cha maji ya kutawadhia.

"Mimi nimelala macho naogopa kutoona tena, wewe unaogopa kuniomba maji? Chukua, mwanangu."

Nilijisikia vibaya sana. Nikageukia boneti ili asinisikie navuta kamasi.

Injini ilipopoa nikajaza. Kuwasha, feni ya rejeta haizunguki. Baadaye fundi alinithibitishia: ndiyo iliyokuwa inalalamikiwa na ile taa ya njano miezi yote! Nikazima AC, nikafungulia hita ya ndani ivute joto la injini, vioo chini, mwendo wa pole, macho kwenye dashibodi. Jasho lilitutoka wote wawili. Mara mbili nilisimama ipoe.

Tulifika Ndanda saa nne kasoro dakika chache. Mama akapokelewa. Mimi nikaenda kutafuta fundi wa feni.

Nilichojifunza: ya njano unaweza kutembea nayo polepole hadi kwa fundi, lakini nenda kweli. Nyekundu ya joto au ya oili, simama mahali salama, zima, hata kama una haraka. Na maji omba, hata ukweni.

Siku ya kumrudisha, Mama alikataa kiti cha nyuma. Akakaa mbele, bandeji imeshatolewa. Nikawasha gari.

"Baba Salma, hiyo nyekundu ya nini?"

"Handbreki, Mama. Sijaishusha."

"Ishushe. Na ile ya bluu?"

"Injini bado baridi."

Akaikazia jicho mpaka ilipozimika. Sijawahi kufurahia kukaguliwa kama siku ile.

Mwenye tepu kwenye dashibodi aibandue leo, halafu aje hapa atuambie amekuta nini chini yake.