Hitilafu Ambazo Fundi Hakuziandika

Mimi kazi yangu ni kupokea simu za hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu, na sina subira na mtu anayesema "haloo" mara tatu kabla ya kueleza shida yake. Lakini habari hii si yangu. Ni ya fundi wetu wa simu, ambaye manesi walimbandika jina la Waya, naye akalizoea mpaka ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Waya alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, mbishi wa vitendo. Alifika kazini kabla ya wafagizi, akainamia dirisha langu na kuuliza, "Dada, leo wapi kunakwaruza?" Nikimwambia wodi ya wazazi, anachukua mkoba wake huyoo. Baada ya nusu saa ananipigia kutoka kule: "Sasa je?" Namjibu, "Sasa safi, kaka." Basi, imetoka hiyo, hakuna mwingine aliyejua.

Nyaya zenyewe zilikuwa za shaba, zilizofukiwa kabla ya sisi sote kuajiriwa. Zilipita chini ya ua, kutoka chemba moja hadi nyingine, na mvua ikinyesha zinalowa kama nguo zilizosahauliwa kambani. Na msiniambie habari za simu za mkononi! Jengo la wazazi lina kuta nene za zamani, ukiingia tu mtandao unakuaga mlangoni. Nesi akimtaka daktari wa zamu, ni ule waya au miguu yake.

Mwaka wake wa mwisho kazini Waya alitaka mambo mawili. La kwanza, shaba ing'olewe na tuwekewe faiba, zile nyuzi za kioo zisizojali maji. "Nikiondoka mimi, dada, zile nyaya hazimalizi mwezi," aliniambia. La pili lilikuwa cheti cha utumishi bora, kinachopewa mstaafu ambaye faili lake halina barua hata moja ya onyo. Miaka thelathini na moja, na la kwake lilikuwa safi kabisa. Mkewe alishapigilia msumari sebuleni wa kukitundikia.

Mhasibu mkuu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye matumizi, akamwambia aandike andiko: kwa nini nyaya zibadilishwe, na zikiachwa hospitali itadhurika vipi. Waya akaniletea karatasi moja. Ilikuwa imeandikwa: "Nyaya zimeoza. Zibadilishwe."

Nilicheka mpaka machozi. "Kaka, hili ni andiko au tishio?"

"Sasa niseme nini zaidi? Si zimeoza?"

Siku tatu mfululizo tukakaa saa ya chakula cha mchana, yeye anasema, mimi nachapa. Tukaeleza kwamba vipuri havitengenezwi tena popote. Tukaeleza wodi zinazotegemea zile nyaya, na kwamba fundi kijana hafundishwi tena kazi ya shaba chuoni. Zikatoka kurasa sita. Mimi mwenyewe niliona fahari, maana sikujua kama nina kichwa hicho.

Wiki mbili baadaye likarudi. Chini yake mhasibu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Daftari la hitilafu linaonyesha hitilafu kumi na moja tu kwa miaka sita. Mitambo ni mizima. Ombi halina msingi."

Nikamwita Waya mbio. "Kumi na moja? Mbona mwezi huu peke yake nimekuita zaidi ya mara hizo!"

Akatazama viatu vyake. Ndipo akanieleza. Daftarini alikuwa anaandika hitilafu zile tu ambazo jua lilitua hajazimaliza. Zilizopona siku hiyohiyo hakuziandika. Kwake yeye, hitilafu ikiingia daftarini ina maana imemshinda. Na kanuni ya kazi inasema kila hitilafu iandikwe, hata ya dakika mbili.

Jamani, mtu anafanya kazi vizuri hadi kazi yake inamgeuka! Damu ilinichemka, nikamtolea uvivu. "Basi dawa ni rahisi. Wiki moja usiguse kitu. Ziache zife, uone kama hawatakuja wenyewe na kalamu mkononi."

Alinitazama kana kwamba nimetukana mbele ya watoto. "Dada, upande wa pili wa ule waya kuna mama anajifungua."

Niliona aibu, nakiri. Nikashusha sauti. "Basi mweleze mhasibu ukweli."

"Nikimweleza ni barua ya onyo. Faili ndiyo kwaheri." Akaondoka bila hata kumaliza chai yake.

Siku mbili hatukuongea ila ya kazi. Siku ya tatu akaja amevaa shati jeupe la kanisani, akagonga kwa mhasibu. "Mkuu, naomba tutoke nje kidogo. Ukiwa na viatu vya mvua, vaa." Nilimwachia mwenzangu simu nikawafuata. Nisingekosa hata kwa dawa.

Waya akafunua chemba iliyo karibu na wodi ya wazazi. Maji yalikuwa yamefika magotini. Akashuka na shati lake jeupe vilevile, akainua nyaya na kumwekea mhasibu kiganjani. Zilikuwa zimejaa viungo, kiungo juu ya kiungo, kila kimoja kimefungwa kwa utepe kwa mkono wa mtu mwenye subira.

"Hesabu, mkuu."

Mhasibu alihesabu kwa sauti. Alipofika sitini na kitu akaacha. "Hivi vyote ni nini?"

"Kila kimoja ni siku ambayo simu ya wodi hii ilikufa. Niliunga, sikuandika. Chemba kama hii ziko tisa."

"Kwa nini hukuandika?"

Waya alijifuta mikono kwenye lile shati. "Nilijivuna, mkuu. Nilitaka ionekane hazinishindi."

Mhasibu akasema taratibu, "Unajua kwamba hili siwezi kulifumbia macho."

"Najua. Niandikie onyo. Lakini andiko lipite."

Likapita. Barua mbili ziliteremka siku moja, moja ya kuidhinisha faiba, nyingine ya onyo, yake. Aliisaini ya kwake akiwa amesimama hapo dirishani pangu. Mimi nikafoka, nikasema hapa hakuna haki, watu hawana shukrani. Akaniambia, "Acha, dada. Kila neno humo ni kweli," akairudisha kalamu yangu.

Mafundi wa faiba walikuja, akawaonyesha njia zote kwa miguu yake, hatua kwa hatua. Kazi ikaisha wiki moja kabla ya yeye kustaafu.

Siku ya kuwaaga wastaafu walikuwa watano. Wanne waliitwa mbele kuchukua vyeti. Waya aliwapigia makofi wote wanne, mkewe pembeni ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nikauma midomo. Mshereheshaji alipotaka kufunga, metroni wa wodi ya wazazi akasimama bila kuitwa. Mwanamke yule hajawahi kumsifu mtu, sisi sote tukadhani anataka kulalamikia viti.

"Miaka yangu yote pale wodini," akasema, "sijapoteza mama hata mmoja kwa sababu simu haikufika. Mimi nilikuwa nadhani tuna simu nzuri."

Akaketi. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Waya. Alijifunika uso kwa viganja vyake, akalia mbele za watu, nami nikalia naye, wala sikuona haya.